Dawa Niliyomwongezea Tate Konsolata

Siku ya kuniaga kazini mlinipa kiti cha plastiki, kitenge cha kumpelekea mke wangu na soda ya moto, mkapiga makofi. Halafu yule mdogo wenu wa maabara akasimama, akasema: "Mzee Filipo atuandikie kumbukumbu zake, tupate kujifunza." Mkacheka. Najua mlikuwa mnangoja hadithi ya ng'ombe aliyeingia chumba cha kuzalishia. Aliingia kweli, akatoka, na hadithi yenyewe imeishia hapo. Haya nitakayoandika hamtayapenda, na mimi siyapendi, lakini si mliomba?

Vyeo naviacha, na mshahara kila mmoja wenu anaujua. Nilianza kwenye kituo chetu, hapa bondeni mwa Ruzizi kati ya Luberizi na Kiringye, nikiwa kijana mwembamba mwenye diploma ndani ya bahasha ya kaki na viatu vya kuazima. Aliyenipokea ni Mzee Ladislasi, muuguzi mkuu wa kituo. Watu wa huku hawajali wewe ni muuguzi au daktari, wote wanatuita muganga, na Ladislasi alikuwa muganga kabla hata ya kituo kuwa na mlango. Siku hiyo hakuniruhusu nimguse mgonjwa. Alinipa sahani ya bati, kisu cha mezani na kopo la vidonge, akaniambia: "Hesabu." Unamwaga vidonge kwenye sahani, unavisukuma vitano vitano kwa ncha ya kisu, kidole kisiguse. Nilihesabu siku tatu nzima. Jioni anapita nyuma yangu, anachota konzi moja, anahesabu upya.

Vifuko vya dawa tulivikunja wenyewe kwa karatasi yoyote iliyopatikana, hasa madaftari ya zamani ya shule. Mara moja nilimwona Ladislasi ameshika ukurasa wa hesabu za mtoto, jibu limekosewa. Alichukua kalamu, akalisahihisha, ndipo akaukunja na kutia klorokwini ndani. Bomba za sindano zilikuwa za kioo, tunazichemsha kwenye sufuria juu ya makaa, na atakayevunja moja anasemwa mpaka Pasaka.

Siku ya nne aliniweka kando yake nimsikilize akipokea wagonjwa. Kila aliyeketi aliulizwa jambo lile lile kwanza: "Jana ulikula nini? Nani alipika?" Mtu amekuja na mguu uliokatwa na jembe, damu inadondoka, Ladislasi anamwosha huku anamuuliza alikula nini. Nikacheka. Hakukasirika. Alisema tu, "Mtu akikuambia alivyokula, amekuambia nyumba yake iko namna gani. Utapunguza maswali kumi." Niliona ni mambo ya wazee. Nilikuwa nimesoma, bwana, nilikuwa na daftari zima la dalili za magonjwa.

Miaka ya kukimbia vita sitaieleza, kila mmoja wenu ana yake nyumbani. Niseme tu kwamba nilijifunza kufunga duka la dawa kabla maji ya chai hayajachemka, na kwamba rejista za wagonjwa nilizibeba kifuani, chini ya shati. Tulirudi tukakuta kitanda hakipo na milango miwili imeng'olewa. Rejista zilikuwa kamili. Nilijivunia sana zile rejista. Kumbe yote niliyotakiwa kuona yalikuwa yameandikwa mle ndani kwa mkono wangu.

Ladislasi alistaafu, baadaye tukamzika, nami nikakalia kiti chake. Swali lake la chakula sikulikalia. Foleni ilikuwa ndefu, na nilikuwa na haraka ya kuonekana mganga wa kisasa.

Sasa tuje kwenye kiungulia, ambacho wenyewe wa bondeni wanakiita kirungulira. Mtu wa huku anakula bugari, ugali wetu wa muhogo uliochachishwa, na ndagala, yaani dagaa, za kukaanga zenye pilipili, siku ya harusi anateremshia pombe ya kasiksi, halafu kesho yake anainama kwenye mpunga mchana kutwa, kichwa chini, tumbo juu. Unategemea nini? Zamani tuliwapa vile vidonge vyeupe vya kutafuna vyenye ladha ya ukuta uliopakwa chokaa. Walivitafuna kwa sura ya mtu anayeadhibiwa, vikasaidia saa moja, basi. Kisha ikaja omeprazoli, zile jelule, vidonge vya ganda la rangi mbili. Ee, tuliipenda dawa ile! Mtu anameza moja asubuhi kabla ya kula, wiki haiishi, moto umezimika. Anarudi anakushika mikono yote miwili. Katika kazi yetu hii ambayo wengi wanarudi kukulaumu, jelule zile zilinifanya nipendwe, nikazigawa kwa kila tumbo lililopita mlangoni.

Zilikuja katika makopo makubwa. Karatasi ya maelezo, ile yenye herufi ndogo za Kifaransa, mara nyingine ilikuwemo, mara nyingine haimo. Ilipokuwemo hatukuisoma. Ilikuwa karatasi nyembamba, imara, inakunjika vizuri. Tuliikata tukatengenezea vifuko.

Tate Konsolata alikuja msimu wa kupanda mpunga. Tate kwetu ni bibi, mama wa watu wazima. Huyu alikuwa mjane mrefu, kiongozi wa akina mama wa sala parokiani, mwenye sauti ya kuamsha ukumbi. Aliishi na mwanawe Bahati, dereva wa lori la kwenda Bukavu, ambaye siku nyingi hayupo nyumbani. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya tate mwenyewe, mkamwana wake Esperanse, msichana wa Kiringye, na mtoto wa Esperanse, Neema, aliyekuwa bado hajaanza shule.

"Muganga," akasema, kiganja kooni, "kirungulira iko inanimaliza. Nikiinama tu mu shamba, moto inapanda mpaka hapa."

Nikampa jelule za mwezi mmoja. Sikumpima uzito. Kituo kilikuwa na mizani ya watoto, ile ya kuning'iniza, na mizani ya wajawazito. Mtu mzima mwenye kiungulia nani ampime? Sikumuuliza anakula nini. Mwezi ulipokwisha alikuja na kichane cha ndizi kunishukuru, akaomba nyingine, nikampa. Akaja tena, nikampa. Hakuna mahali nilipoandika siku ya kuacha. Nendeni mkaangalie rejista, mtaona jina lake limefuatana kama mtu aliyeandikiwa dawa ya maisha.

Mwezi wa tano wa jelule hizo aliletwa na Esperanse. Nguo ya tate ilikuwa imefungwa kiunoni kwa mafundo mawili isianguke. Esperanse ndiye aliyezungumza, kwa sauti ya chini, macho kwenye sakafu.

"Muganga, mama hakule tena. Napika bugari, anakamata mara mbili, anaacha. Napika muchele na samaki ya mukeke mubichi toka Uvira, anasema inaonja sawa chuma. Na minye mwenyewe njo niko napika. Batu batasema nini?"

Mmesikia? Hamu ya kula imekwisha, chakula kinaonja chuma, na mgonjwa yuko kwenye dawa moja tu kwa mwezi wa tano. Msichana ambaye hakumaliza sekondari aliniwekea utambuzi wote mezani, kilichobaki ni mimi kuuokota. Nikafanya nini? Nikatania. Nilikuwa na sifa ya utani.

"Kumbe ni weye Esperanse hujui kupika!" nikasema kwa sauti, foleni yote isikie. "Punguza pilipili, dada, umwache mama mkwe wako apumue."

Foleni ikacheka. Tate Konsolata akacheka mpaka akakohoa. Esperanse alitabasamu kidogo, kwa adabu, akaendelea kutazama sakafu. Kisha nikageukia kazi. Nikafikiri, tumbo limezidi, pengine kuna kidonda. Nikaongeza dawa. Moja asubuhi, moja jioni. Nikaongeza na sirapu ya vitamini ya kumpa hamu ya kula, nikajiona nimekamilisha.

Huku kwetu mtu hakondi bure. Akikonda na hana homa, hana kifua, hana kisukari, jibu lipo tayari: karuho. Ni sumu ya polepole, maabara haijawahi kuiona, lakini kila ukoo una mtu wanayesema alikufa nayo. Na karuho hailetwi na mtu wa mbali. Inaletwa na anayekupikia. Ndiyo maana mtu wa huku akikupa kinywaji, anaonja kwanza mbele yako, ukamwona amemeza, ndipo unapokea. Hakuna anayekasirika, ni heshima tu. Esperanse, maskini, alianza kuonja kila chakula mbele ya mama mkwe wake. Bugari, anamega, anameza. Sombe, majani ya muhogo, anachota, anameza. Tate anamtazama koo, anachukua matonge mawili, anasukuma sahani. Jirani zao walinieleza baadaye. Na Esperanse alikuwa mjamzito, ana njaa ya wajawazito, kwa hiyo alikula. Mmoja anazidi kukauka, mwingine mashavu yanajaa, chungu ni kimoja. Watu wakaona walichotaka kuona.

Na wakapata shahidi. Kwenye sala ya akina mama Tate Konsolata alisimama, akasema, "Hata muganga mwenyewe alisema shida iko ku mapishi ya huyu bibi ya Bahati." Muganga ni mimi. Utani wangu ulikuwa umepanda cheo.

Bahati aliporudi kutoka Bukavu akakuta mifupa ya shingo ya mama yake imetokeza, hakuja kwangu. Alimpakia kwenye pikipiki akampeleka upande wa milima kwa mama mmoja anayetibu karuho. Yule mama alimnywesha mzizi, akamtapisha kwenye beseni, akaokota humo kipande cheusi cha sijui nini, akawaonyesha: karuho hiyo. Kisha akatoa masharti mawili. Asile tena kutoka mkono ule. Na dawa za lopitali, zote, aache.

Akaacha. Mnaelewa? Aliacha jelule zangu. Wiki mbili baadaye Tate Konsolata aliamka akaomba bugari. Alikula, akaongezwa. Baada ya mwezi mmoja akarudi kuongoza sala na sauti yake ile ile. Ushahidi gani zaidi ulitakiwa? Nguo za Esperanse zilifungwa ndani ya kitenge, zikawekwa mlangoni. Hawakumpiga, wanajisifu kwa hilo mpaka leo. Neema alibaki, kwa sababu mtoto ni wa ukoo wa baba. Esperanse alitembea kwa miguu hadi Kiringye na tumbo lake.

Habari zilifika kituoni siku ile ile. Nilisema, "Watu wa huku na karuho yao!" Nikatikisa kichwa kisomi, nikaita mgonjwa anayefuata.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi ndiye aliyenifungua macho, bila yeye kujua. Alikuwa anakunywa jelule hizo miezi mitatu. Akaja analalamika: hana njaa, mdomo una ladha mbaya, suruali inamvuka. Akanipa kifuko kitupu nikijaze tena, kama ilivyokuwa desturi yetu ya kuokoa karatasi. Nikakishika, kisu mkononi, nikaona kifuko chenyewe kimekunjwa kwa karatasi ya maelezo. Herufi ndogo. Nikaisogeza dirishani. Katika orodha ya mambo ambayo dawa ile inaweza kuleta kwa baadhi ya watu yalikuwemo, pamoja na mengine, kupungua kwa hamu ya kula na kubadilika kwa ladha mdomoni. Niliisoma mara ya pili. Nikamwambia mwalimu aache dawa, arudi baada ya wiki mbili, na nikampima uzito. Alirudi anacheka, amekula kuku.

Sitadanganya kwamba sikumkumbuka Tate Konsolata. Nilimkumbuka nikiwa bado dirishani. Nikakaa juu ya katoni ya glavu. Nikafungua rejista zangu za kujivunia, nikahesabu miezi mitano, nikaona mahali nilipoandika "mara mbili kwa siku" kwa mwandiko mzuri kabisa.

Nataka mwelewe vizuri, msije mkaanza kuiogopa dawa yenyewe. Wengi wanaimeza na wanakula bila shida. Kwa wachache inaondoa hamu. Na mtu asiyekula anaweza kuwa na jambo lingine baya, lazima umchunguze, usimwachishe dawa ukamrudisha nyumbani ukidhani umemaliza. Lakini kabla ya kuongeza kitu chochote, angalia kwanza ulichokwisha kumpa wewe. Mpime uzito siku ya kwanza. Andika siku ya kuanza na siku ya kuacha. Muulize chakula kinaonjaje. Hayo yote yanachukua muda mfupi kuliko utani.

Nilikwenda kwa mkubwa wangu wa wakati huo, msimamizi wa vituo vya bonde, ofisini kwake, nikamweleza. Alifunga mlango. Alinisikiliza mpaka mwisho, si mtu mbaya.

"Muze Filipo," akasema, "miaka yote tuko tunawaambia watu waache kukimbilia ba muganga ba karuho. Leo weye unataka kusimama mbele yao useme: yule wa ku mulima alikuwa na haki, dawa ya kituo njo ilikuwa inamuzuia mama kula? Kesho nani atapeleka mtoto ku chanjo?"

Sababu yake ilikuwa nzuri, na nilikuwa na hofu yangu mwenyewe ya kuitwa muganga wa sumu. Basi nikaishika sababu yake kwa mikono miwili, nikanyamaza.

Kisha Esperanse akaja mwenyewe. Ilikuwa saa ya jua kali, tumbo limeshuka, amebakiza wiki chache kujifungua. Alingoja foleni mpaka ikaisha.

"Muganga, siku ya posho wazee ba jamaa mbili batakutana," akasema, akimaanisha Jumamosi. "Kama sina kitu ya kuonyesha, ndoa imekwisha na Neema anabaki kwao moja kwa moja. Minye nataka karatasi. Andika tu mama alikuwa na ugonjwa gani na dawa gani ulimupa. Tia muhuri. Batasoma batajua alianza kugonjwa mbele batu bataje karuho."

Hakuwa anajua lolote kuhusu dawa. Alitaka tu kuonyesha kwamba mama mkwe wake alikuwa mgonjwa halisi, na kwamba yeye ndiye aliyemleta kituoni. Muhuri ulikuwa kwenye droo, hapa, goti langu linaigusa. Mistari mitatu ingetosha. Nikamwambia nini?

"Dada, siri ya mgonjwa haitolewi. Sheria ya kazi hairuhusu."

Ni kweli hairuhusu. Mnafundishwa hivyo na nyie. Nilijificha nyuma ya sheria nzuri kama mtu anayejificha nyuma ya mama yake. Ningeweza kwenda mwenyewe kwa Tate Konsolata nimwombe ruhusa. Ningeweza kumwita Bahati. Nilijua njia zote na sikufuata hata moja.

"Aksanti, muganga," Esperanse akasema. Aliniaga kwa kupiga magoti kidogo, na tumbo lile, akaondoka.

Jumamosi wazee walikutana. Hakukuwa na karatasi. Kabla ya mavuno Bahati alikuwa ameleta mwanamke mwingine.

Nilifanya kazi miaka minne zaidi baada ya hapo. Miaka minne, na nilikuwa mganga mzuri, waulizeni. Nilipima kila mtu mzima, niliuliza chakula, niliwafundisha nyinyi kuuliza, mkaniona mzee mwenye busara. Hamkuniuliza nilijifunzia wapi.

Siku chache baada ya kurudisha funguo, rejista na muhuri, nilikwenda kwa Tate Konsolata. Nilimkuta uani anachambua maharage. Neema aliniletea kiti. Ana uso wa mama yake kabisa, nikashindwa kumtazama. Alipokwenda kucheza, nikamwambia tate yote: jelule, miezi mitano, kuongeza, kifuko cha mwalimu. Nilitegemea apige kelele. Aliendelea kuchambua.

"Najua," akasema.

"Unajua namna gani, tate?"

"Nyuma ya dawa ya ule mama wa ku mulima, kirungulira ilirudia. Nilikuwa nimebakisha jelule zako mu sanduku. Nikazikunywa tena. Wiki mbili haikufika, chakula ikageuka chuma. Nikazitupa mu choo, nikaanza kula. Njo nilijua."

"Ilikuwa lini?"

"Mbele, Bahati hajaleta bado huyu bibi mwingine."

"Tate! Ulijua, na hukusema?"

Aliinua macho kwa mara ya kwanza.

"Na weye?"

Aliniambia, bila kulia, kwamba alikuwa ameshatoa ushuhuda mbele ya kanisa zima jinsi Mungu alivyomponya na karuho, watu walipiga vigelegele, na hakujua mtu anarudi vipi mbele ya watu hao. Nilimwomba aseme sasa, au aniruhusu niandike mimi. Alikataa yote mawili. Akasema Bahati ana watoto wengine wawili na huyu mke wa sasa, je, nataka nyumba ivunjike mara ya pili? Akaniuliza kama nina dawa nyingine ya kirungulira. Niliondoka bila kuaga, na huku kwetu hilo si jambo dogo.

Kutoka pale nilipanda pikipiki hadi Kiringye. Esperanse alikuwa ametoka kwenye mpunga, tope mpaka magotini. Mama yake alikuwa jikoni. Mvulana aliyemzaa baada ya kufukuzwa sasa ana miaka minne, alikuwa anakimbiza bata. Nilimweleza Esperanse yote, mama yake akiwa anasikia, nami nimesimama, sikutaka kiti. Alisikiliza bila kunikatisha. Kisha akaniuliza jambo moja.

"Ile siku nilikuja na tumbo, ulikuwa umekwisha kujua?"

"Ndiyo."

Alifuta tope kwa majani, mguu mmoja, kisha wa pili.

"Minye sipike tena, muganga," akasema. "Toka ile wakati. Hata ya huyu mutoto, mama njo anapika. Nilijiambia, batu wengi vile hawawezi kukosea bote. Labda banaona kitu mu mukono yangu, minye tu njo sione. Niliogopa kuua mutoto."

Mama yake alitoka jikoni na mwiko mkononi, akanitukana kwa Kirundi. Nilielewa kila neno, na niliyastahili yote.

"Andika sasa," Esperanse akasema.

"Sina tena muhuri. Nimeurudisha."

"Andika bila muhuri. Tia jina yangu yote, na ya kwako."

Kwa hiyo hiki mlichoomba kiwe kumbukumbu za kuchekesha ndiyo karatasi yake. Tate Konsolata alininyima ruhusa ya kuandika ugonjwa wake, na hapa nimeuandika. Mnaotaka kunishtaki kwa siri ya mgonjwa, njooni, nyumba yangu mnaijua. Esperanse hakumpa Tate Konsolata sumu, hakumpa karuho, hakuharibu chakula. Aliyemwondolea mama yule hamu ya kula ni mimi, Filipo, muuguzi mkuu wa kituo, kwa dawa ya kiungulia niliyoiandika, nikaiongeza, na nilipojua nikanyamaza miaka minne. Nakala moja nimempelekea Bahati, moja nimempa padri wa parokia, hii ni yenu. Isomeni kwa sauti kwenye foleni, pale pale watu walipocheka.

Nakala ya kwanza nilimpelekea Esperanse mwenyewe jana. Aliisoma polepole, kidole kikifuata mstari, akaikunja mara nne. Akaniuliza kama kweli nilimwona Neema. Nikamwambia nilimwona, amekua, ana uso wako. Akaniuliza kama mtoto anamtaja.

Nilimwambia hapana. Anamwita yule mwingine mama.